Mtetea wa Mzee Amoni

Mzee Amoni alianguka asubuhi, kati ya kitanda na mlango, na mtu aliyekuwa karibu naye kuliko wote hakuruhusiwa kumwinua.

Mtu huyo ni Ikupa, mke wa mwanawe Meshaki. Alikuwa nje, nyuma ya ukuta huohuo, akimenya ndizi. Alisikia kishindo, akasikia mkongojo ukiserereka sakafuni, kisha kimya. Alikimbia mpaka kizingiti cha mlango wa nyuma, akasimama hapo na kisu mkononi. Mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Haingii alipo, hamtaji jina, na wakikutana njiani huchepuka migombani mpaka mzee apite. Ndivyo walivyolelewa wazee wa Kinyakyusa, na ingawa nyumba nyingi za Ikuti zimeshailegeza desturi hiyo, au zimeiacha kabisa, nyumba ya Mzee Amoni haikuwa mojawapo.

Ndani, mzee akakohoa. Hakumwita; angemwitaje? Akauambia ukuta.

"Ukuta, kama kuna mtu nje, aitwe mwanamume."

"Ukuta, wanaume wote wamekwenda kupakia ndizi," Ikupa akaujibu ukuta kwa upande wake.

"Basi aitwe mtu yeyote. Sakafu ina baridi."

Ikupa akakimbia kwa jirani yake Atuganile, mjane ambaye hakuwa na ukwe wowote na mzee. Atuganile alikuwa anakamua ng'ombe, na ng'ombe hakamuliwi nusu. Walipofika, mzee alikuwa amelala chini muda wa kutosha kujilowesha. Atuganile akaingia, akamwinua, akamvua suruali na kuitupa nje kupitia dirishani. Ikupa akaidaka. Kufua aliruhusiwa.

Meshaki aliporudi jioni, mabega yamechubuliwa na mikungu, alikuta chakula kimetengwa na mkewe hajakaa.

"Nguo zake nafua mimi," Ikupa akasema. "Uji wake napika mimi, naupeleka mlangoni, nabisha hodi, kisha nakimbia kama mwizi. Mvua ikinyesha na yeye kakaa sebuleni, mimi nashinda jikoni na moshi. Sawa, nilikubali. Lakini leo nimemsikia mzee mzima anaugulia chini, mimi nipo, nina mikono miwili, nakwenda kumwomba Atuganile! Siku Atuganile akiwa hayupo je?"

"Sema polepole, atasikia."

"Asikie! Si ukuta ndio unaomwambia?"

Meshaki akala kidogo. "Mchungaji alishasema mambo haya si ya lazima."

"Mchungaji hana mkamwana."

Meshaki akampigia simu shangazi yake.

Ukoo wao ulikuwa na njia yake ya kuumaliza mwiko huo. Mkamwana humtolea baba mkwe kuku mbele ya dada wa mzee. Mzee akimpokea yule kuku na kumwita mkamwana kwa jina lake, yamekwisha, wanaishi kama baba na binti. Mama mkwe ndiye alikuwa aisimamie shughuli hiyo, akawa anasema mwakani, mwakani, mpaka mwaka jana akafariki. Sasa kauli ilibaki kwa Shangazi Tupokigwe wa Masoko, ambaye alizungumza na simu kana kwamba haiamini kufikisha sauti yenyewe. Ikupa alimsikia vizuri akiwa ameketi upande wa pili wa meko.

"Awe mtetea!" alisema Shangazi. "Ukimpa baba mkwe jogoo umemwambia nini? Umemwambia mji una majogoo wawili, yeye aondoke. Na awe hajawahi kutaga, akishataga huyo ni mama wa watu. Awe amekulia mkononi mwa mkamwana tangu kifaranga. Wa kununua sokoni ni wa sokoni. Na awe wa kienyeji, msiniletee kuku wa kizungu."

"Na ikitokea tumekosea, shangazi?"

"Mkikosea mmemtukana kaka yangu. Mke wako anarudi migombani kama mwanzo, na mimi sitaki kusikia habari za kuku mpaka mwaka upite. Jumapili ijayo, baada ya ibada, nakuja. Ndaga."

Akakata simu kwa shukrani hiyo ya Kinyakyusa. Ikupa alitazama nje, kuku wake walipokuwa wakipanda juu ya rundo la kuni kulala.

Walikuwa wamebaki wawili. Kuku wake wa kienyeji, wale wa kweli, walifagiliwa wote na ugonjwa wa mdondo kabla masika hayajaisha. Hawa alikuwa amewanunua wakiwa vifaranga kwa kijana mmoja aliyepita na boksi nyuma ya pikipiki, akiapa kwamba wote ni mitetea na wote ni kuroila, kuku wa mbegu ya kisasa. Walipoota manyoya hapakuwa na aliyefanana na mwenzake, wala aliyefanana na kuroila. Wengine wakachukuliwa na mwewe, wengine wakafa kwa baridi. Wakabaki mwekundu, mnene, mwenye upanga wa kichwani uliosimama vizuri na kuanza kuiva; na mweusi, miguu mirefu, shingo ndefu, mpole, ambaye mahali pa upanga alikuwa na kijivimbe tu kama kovu la ndui.

"Ni rahisi," alisema Meshaki kesho yake. "Kuku ukimning'iniza kwa miguu, jogoo hutulia. Mtetea ndiye hupigapiga mabawa."

Akamning'iniza mwekundu. Akapigapiga mabawa. Akamning'iniza mweusi, naye akapigapiga. Baada ya muda wakatulia wote wawili, na mwekundu akamnyea Meshaki kwenye buti.

Atuganile alikuja na sindano na uzi. Bibi yake alikuwa akiwapima kuku kwa sindano, tena mpaka wajawazito: ikizunguka ni jike, ikienda mbele na nyuma ni dume. Sindano ilizunguka juu ya mwekundu. Ilizunguka juu ya mweusi. Ikupa akamwomba aijaribu juu ya mkono wa Meshaki. Ikazunguka.

"Makubwa!" alisema Atuganile, akaufunga uzi wake.

"Kwa nini tusingoje atage?" aliuliza Meshaki, akijifuta buti kwa jani la mgomba. "Akitaga tumemjua."

"Akitaga hafai. Hukumsikia shangazi yako?"

Meshaki akawaza. Kuku akishajulikana hafai, na anayefaa hajulikani. Alikuwa mtu wa kubeba mikungu, na mkungu una uzito tu, hauna maneno. "Basi mpeleke kwa Zuber," akasema.

Zuber aliishi Ibighi na kuuza kuku sokoni Tukuyu. Ikupa alimkuta amekaa kwenye kreti la soda, matenga ya kuku yamemzunguka, anakunywa chai ya tangawizi. Akafungua kikapu.

"Karibu, mama. Unauza hao?"

"Siuzi. Nataka uniambie ni nani jogoo, ni nani mtetea."

"Unanizibia wateja, halafu unanipa mtihani." Lakini alishamtoa mwekundu, akamgeuza, akamwangalia kichwani. "Huyu jogoo. Upanga wote huu, na umri huu? Jogoo, mchinje." Akamtoa mweusi. Huyu alimwangalia kwa muda zaidi. "Huyu mtetea. Upanga hana, ndevu hana, hata kelele hana."

"Una hakika?"

"Mama, chotara na hakika ni vitu viwili. Huyu mwekundu ana sasso ndani yake, wale wa kizungu wa nyama. Huyu mweusi ana kuchi, tazama hiyo miguu, anakutazama kwa juu kama afisa. Ukitaka kumjua chotara bila ubishi, shika hapa." Akaupapasa mgongo wa yule kuku mweusi, karibu na mkia. "Manyoya ya hapa. Ya jogoo yamechongoka kama majani ya mchaichai. Ya mtetea yana ncha ya mviringo. Ila bado hayajatoka vizuri, haya ni ya kitoto. Mrudishe baada ya wiki mbili tatu."

"Shughuli ni Jumapili hii."

Zuber akanywa chai. "Basi ni mtetea."

"Na ni wa kienyeji?"

"Amezaliwa wapi?"

"Sijui. Alikuja kwenye boksi la pikipiki."

"Amekulia wapi?"

"Kwangu, Ikuti."

"Anakula nini?"

"Pumba. Na mchwa."

"Wa kienyeji huyo. Babu yangu mimi alitoka Kilwa, na hapa mjini hakuna anayeniita mgeni." Akamrudishia kikapu. "Haya, mama, ondoa kikapu, huyu hapa anataka watatu."

Ikupa alirudi Ikuti akiwa na furaha asiyoiamini sana. Njia nzima kuku mweusi alitoa kichwa kikapuni akitazama mashamba ya chai.

Jumapili asubuhi, Meshaki alipomshika baba yake mkono kumpeleka kanisani, Ikupa alibaki na Atuganile kuandaa chakula cha wageni. Mwekundu alichinjwa na kijana wa jirani. Wakamtia maji ya moto, wakamnyonyoa, wakamweka kwenye sinia. Ikupa akampasua, akaingiza mkono kutoa firigisi, sehemu ya mzee. Vidole vyake vikagusa kitu kidogo, laini, chenye punjepunje. Akakivuta nje.

Kilikuwa kichala cha mayai machanga, kama punje za ulezi, na machache yameanza kuwa ya njano.

Wanawake wawili wakakitazama. Sufuria ya ndizi ikachemka na kumwagikia motoni, hakuna aliyeinuka kuifunua.

"Kumbe upanga ule ulikuwa wa sasso tu," alisema Ikupa mwishowe.

"Sindano ilisema," alisema Atuganile.

"Sindano ilisema na Meshaki ni mwanamke!"

"Kwa huyu ilisema kweli." Atuganile akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu mwingine. "Zuber akikosea kwa mmoja, si lazima akosee kwa wote wawili. Huyo mweusi mpole. Mpole sana, fijo. Sasa utafanyaje, shughuli uivunje?"

Ikupa akamtazama kuku mweusi, aliyekuwa amefungwa mguu kwenye nguzo ya jikoni, akidonoa kivuli chake mwenyewe. Aliogopa. Akaona tena ile suruali ikitoka dirishani, na mzee ndani akisubiri nyingine kwa aibu bila kusema neno. Akakitupa kile kichala motoni. Kikalia, kikaisha.

"Nipe kitunguu," akasema.

Shangazi Tupokigwe alikuja na mwavuli, kitenge kipya, na miwani ambayo aliivaa tu alipotaka kukosoa. Waliamkiana mugonile, mugonile, wakala. Firigisi alipewa Mzee Amoni, akaisifu, akauliza nyama hii imelainika hivi ni ya jogoo gani. Meshaki akasema ni yule mwekundu. Ikupa alimsikia akiwa jikoni.

Kisha akaitwa. Aliingia sebuleni mwake kwa mlango wa mbele, kwa mara ya kwanza mzee akiwa ndani, amejitanda kitenge mpaka usoni, anatembea akitazama sakafu aliyoipiga deki mwenyewe. Akapiga magoti mkekani. Kuku alikuwa mikononi mwake, na Shangazi akavaa miwani.

"Mbona miguu mirefu hivi?"

"Anatembea sana, shangazi," alisema Meshaki.

"Wa kienyeji huyu?"

"Anakula mchwa," alisema Ikupa kutoka ndani ya kitenge, akakoma.

Shangazi akainama, akaangalia kichwa cha kuku. Akaona kijivimbe. Akaguna. "Upanga hana. Haya. Mpe."

Ikupa akanyoosha mikono bila kuinua macho. Kuku akatoka mikononi mwake. Aliona tu mikono ya mzee ikimpokea, mikono mikubwa yenye mishipa, iliyofuga kuku kabla mumewe hajazaliwa. Mzee akamweka kuku mapajani. Mkono mmoja ukamshika miguu. Mwingine ukampapasa kichwa, ukashuka shingoni, ukapita mgongoni, ukafika karibu na mkia, na pale ukasimama. Kidole gumba na cha shahada vikachukua unyoya mmoja, vikauvuta taratibu kati yao mpaka kwenye ncha. Vikaurudia. Vikachukua mwingine.

Ikupa akafumba macho. Mungu wangu, alisema moyoni, sasa hivi.

"Kaka," alisema Shangazi Tupokigwe, "mbona kimya? Kuku hakukupendeza?"

Mzee Amoni akaulaza ule unyoya mahali pake na kuusawazisha kwa kiganja.

"Mtetea mzuri," akasema. "Amelelewa vizuri. Ndaga fijo, Ikupa."

Alikuwa hajawahi kulisikia jina lake katika mdomo wa mzee huyo tangu aolewe. Ikupa akalia palepale mkekani, kilio cha kweli chenye makamasi, na Shangazi akafurahi sana, maana shughuli isiyo na machozi huwa haisimuliki.

Siku zilizofuata hazikuwa na ajabu lolote, na hilo ndilo Ikupa alilipenda. Alipita mlango wa mbele. Mvua ikinyesha alikaa sebuleni. Alimpa mzee uji mkononi, akagundua kwamba kumbe hapendi sukari nyingi na kwamba miaka yote aliunywa hivyohivyo kwa kuwa hapakuwa na wa kumwambia isipokuwa ukuta. Alimshika mkono kwenda chooni na kurudi. Jioni moja mzee aliteleza, Ikupa akamdaka kabla hajafika chini. Hakuna aliyeitwa. Walisimama hivyo wakihema, kisha mzee akasema, "Una nguvu," wakaendelea na safari yao.

Kuku mweusi naye akaendelea na yake. Shingo ilizidi kurefuka. Mkiani yakaanza kutoka manyoya yaliyopinda. Alianza kutembea uani kama mtu anayekagua mpaka wa shamba. Ikupa aliyaona yote hayo na hakumwambia mtu. Meshaki naye aliyaona, hakumwambia Ikupa. Atuganile alikuwa akipita, anamtazama kuku, anamtazama Ikupa, anauliza habari za mahindi.

Asubuhi moja yenye ukungu, kuku akapanda juu ya rundo la kuni, akanyoosha shingo, akatoa sauti. Ilianza vibaya, ikakatika katikati, ikamalizikia puani. Lakini haikuwa sauti ya mtetea.

Ikupa alitoka jikoni mbio na kisu. Akafika kwenye kuni, akasimama. Angemchinja vipi? Kuku huyo hakuwa wake tena. Alikuwa wa baba mkwe, na mkamwana anayemchinja kuku wa baba mkwe bila kauli yake ameharibu zaidi ya aliyekosea jinsia ya kuku. Akageuka. Mzee Amoni alikuwa kwenye kiti chake barazani, blanketi magotini, anamtazama.

"Kisu cha nini asubuhi yote hii?" aliuliza mzee.

"Cha ndizi, baba."

"Ndizi ziko jikoni."

"Ndiyo, baba."

Akarudi jikoni. Siku hiyo kuku aliwika tena mara kadhaa, kila mara vizuri zaidi kuliko mwanzo, na mzee hakusema lolote. Alijua habari itafika Masoko, kwa sababu habari haijawahi kushindwa kufika Masoko.

Ilifika. Ilipoingia wiki mpya, Shangazi Tupokigwe alikuja bila kupiga simu, na mwavuli wake, na miwani ameshaivaa tangu barabarani. Meshaki hakuwa amekwenda kazini. Alimsindikiza mpaka barazani bila kujua mikono yake aiweke wapi. Shangazi akaketi karibu na kaka yake. Wakaamkiana. Wakaulizana habari za miguu, za kahawa, za marehemu. Ikupa alisimama kwenye kona ya nyumba, nusu amefichwa na ukuta, kwa kuwa hakujua tena ana haki ya kusimama wapi.

"Kaka," alisema Shangazi, "nimesikia maneno."

Hakuwahi kuyasema maneno hayo. Kuku mweusi alikuwa amepanda juu ya kuni, manyoya ya mgongoni yaking'aa, yote yamechongoka. Akajipiga mabawa. Akawika, safari hii sawasawa, kwa urefu wote, mpaka jogoo wa ng'ambo ya bonde akamjibu.

Meshaki akatazama buti zake.

"Hiyo ni sauti gani?" aliuliza Shangazi Tupokigwe.

"Mtetea wangu," alisema Mzee Amoni. "Anakohoa."

"Anakohoa."

"Baridi ya huku unaijua. Kifua kimembana tangu wiki iliyopita."

Kuku akawika tena. Mzee akatikisa kichwa kwa huruma.

"Kikohozi kibaya," akasema.

Shangazi akavua miwani. Akamtazama kaka yake kwa macho yake mwenyewe: shati safi, vifungo vyote mahali pake, kucha zimekatwa, kikombe cha uji karibu na mkono ambacho hakulazimika kunyanyuka kukifuata. Akatazama kona ya nyumba, ambako kipande cha kitenge cha mkamwana kilionekana. Akaifuta ile miwani kwa pindo la nguo yake, taratibu sana, akaitia mkobani, akaufunga mkoba.

"Ikupa," mzee aliita, "mwanangu, usisimame huko kama mgeni. Pita humuhumu, umletee shangazi yako chai."

Ikupa akatoka kwenye kona. Akapita mbele ya baba mkwe wake, karibu kabisa, kichwa kimeinuka, akaingia ndani kwa mlango wa mbele. Alipokuwa akimimina chai alimsikia Shangazi Tupokigwe akiuliza barazani, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujua:

"Na huyo mgonjwa wako, kaka, atataga lini?"

"Akipona," alisema Mzee Amoni.